Beberu wa Mnadani

Jumapili ile Mzee Aminiel Sumari alipewa beberu mbele ya usharika mzima. Akampokea kwa mikono miwili, na kwa furaha akacheza hatua chache, kamba ya mbuzi ikiwa imemzunguka kiunoni. Watu walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Mkewe, Magdalena, alikuwa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa na kikapu chake, na yeye pia alicheka, maana mume wake hakuwa mtu wa kucheza.

Mnada wa sadaka ni jambo la kawaida katika makanisa ya Kilutheri huko mlimani, juu ya Tengeru. Asiye na fedha huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo, chupa ya maziwa. Ibada ikiisha watu husimama uwanjani, mnadishaji hunadi, na fedha huingia kwenye mfuko wa Bwana. Utamu wake ni kwamba ukinunua kitu unaweza kumpa mwingine palepale. Unamnunulia jogoo mwalimu wa kwaya. Unamnunulia mama mjane mkungu uleule alioubeba kichwani asubuhi, akarudi nao nyumbani. Aliyepewa hutoka mbele, hupokea, hushukuru. Kukataa zawadi ya mnadani ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, na watu hawakuwa hata na jina la kukiita.

Aliyemnunua beberu yule ni Naftali. Alikuwa mtoto wa hapohapo. Besi yake ilijulikana kwenye kwaya ya vijana kabla hajateremka mjini na kandambili zake. Sasa alikuwa anapanda kanisani na gari jeupe, na vijana wawili ambao hawakai chini hata wakati wa mahubiri. Mabati mapya ya kanisa, yale mekundu yanayoonekana mpaka barabara kuu, nusu yake yalikuwa yake. Ndiyo maana Mzee Joel, mzee wa kanisa na mnadishaji wa miaka yote, alikuwa amejifunza namna mpya ya kuhesabu. Naftali akiwa hayupo, Joel huhesabu kawaida. Akiwepo, husema "moja," akafuta jasho, akasifu mbuzi, akasema "mbili," akauliza habari za mjini, ilimradi tajiri apate nafasi ya kumaliza mazungumzo yake na kupandisha bei.

Beberu alikwenda kwa laki nne. Sokoni hakufikia hata robo ya bei hiyo.

"Nampa baba yangu, Mzee Aminiel," Naftali alisema. "Nimekua kwa ndizi za shamba lake. Nyingine alinipa, nyingine nilijichukulia mwenyewe."

Watu walicheka sana. Mzee Aminiel alicheka kuliko wote. Asichokijua yeye, na Naftali alikijua vizuri, ni kwamba binti yake mwenyewe Vaileth alikuwa shahidi mkuu katika kesi iliyomkabili Naftali, na kwamba Jumanne ya wiki iliyofuata angepanda kizimbani kusema alichokiona.

*

Mjini kundi la Naftali liliitwa Mashineni. Lilianzia kwenye banda la mashine ya kusaga iliyokufa, upande wa Themi, si mbali na mto. Mwanzoni walikuwa vijana wanne wanaouza bangi, na mtaa haukuwajali. Wengine walisema afadhali, wezi wadogo wamekimbia. Halafu ukaja unga wa kulevya. Watoto wa watu wakaanza kulala kwenye mitaro mchana, midomo wazi, na mama zao wakaanza kuficha sufuria. Halafu zikaja pikipiki, watatu juu ya moja, wa nyuma kazi yake ni kunyakua mikoba. Mwanamke mmoja aliyeng'ang'ania mkoba wake aliburutwa mpaka kona na hakuwahi tena kutembea vizuri.

Mwisho ikaja waliyoiita ada ya ulinzi. Kila Ijumaa kijana anapita dukani. Usipompa, Jumamosi unakuta kufuli yako imemiminiwa gundi. Usipompa tena, kioo. Mwenye baa mmoja aliyewajibu vibaya alichanwa paja kwa panga mbele ya wateja wake. Dereva wa bodaboda aliyekataa kuwabebea mzigo alichomewa pikipiki, naye akasimama kuitazama ikiungua bado anadaiwa marejesho yake. Waliokamatwa walikuwa wanatoka, kwa kuwa kila aliyeulizwa alisema alikuwa ameinama, au amegeuka, au amekwenda chooni.

Vaileth alikuwa na kibanda cha kutuma na kutoa fedha, akitazamana na duka la spea la Frederick, Mchaga mmoja mpole aliyetoka Kilimanjaro. Frederick alikataa ada. Alisema yeye anauza spea, hanunui usingizi. Wakaja saa tisa mchana, jua linawaka, wanne, kofia za pikipiki kichwani. Walimwinamisha juu ya meza yake ya kazi. Mmoja wao joto lilimzidi akavua kofia, akajifuta uso, kisha akamshika Frederick mkono wa kulia ili mwenzake apate pa kukata. Vaileth alikuwa amechutama ndani ya kibanda, jicho kwenye upenyo wa mbao. Aliyevua kofia alikuwa Naftali. Alimtambua mara moja, kama unavyomtambua mtu mliyesoma naye Kipaimara.

Frederick alipoteza vidole vitatu na hakuona sura ya mtu. Mtaa mzima ulikuwa umeinama. Vaileth alikaa na neno lile siku mbili, la tatu akafunga kibanda, akaenda polisi kwa miguu yake. Naftali alikamatwa, akashtakiwa, akapewa dhamana. Nyumbani Vaileth hakusema kitu. Naftali aliposikia shahidi ni nani hakukasirika. Alimfahamu baba wa shahidi, na aliifahamu mila ya mlimani kwao.

*

Vaileth alipanda nyumbani jioni ya Jumapili ileile, na mkate wa mjini kwenye mfuko. Baba yake alikuwa anakata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona mgeni?"

Beberu alikuwa amefungwa kwenye mparachichi, anatafuna, ndevu zake zimechanwa vizuri kuliko za mchungaji. Vaileth aliuliza ametoka wapi. Baba yake akamweleza yote, na makofi, na vigelegele, na utani wa ndizi, na hata hatua zake za kucheza akazirudia kidogo. Alipomaliza, binti yake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na mkoba bado begani.

Aliwasimulia hapo hapo. Magdalena alitoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi na akasimama nacho mpaka mwisho. Vaileth alipofika kwenye meza ya Frederick hakueleza sana. Alinyoosha tu mkono wake wa kulia juu ya goti lake, akautazama.

"Ulimwona kwa macho yako?" baba aliuliza.

"Kwa macho yangu. Alivua kofia, alikuwa anatokwa jasho."

"Na hukutuambia."

"Nilijua mtaniambia niache."

Ilikuwa kweli. Mzee Aminiel aliutazama mti wa mparachichi. Asiye wa huko angesema mbuzi ni mbuzi. Lakini kwa Wameru watu wakikosana, wazee huwakalisha, mbuzi huchinjwa, mkosaji na mkosewa hula nyama moja, na ikishaliwa neno limekwisha. Atakayelifufua baada ya hapo ndiye mkosaji mpya, na ukoo wake mwenyewe hautasimama naye. Beberu wa Naftali alikuwa ametolewa kwa furaha, mbele ya mchungaji, na baba wa shahidi alimpokea akicheza. Bado kuliwa tu. Siku hiyo ikifika, Vaileth akisimama mahakamani atasimama kama binti aliyemtukana baba yake, na wakili atajua la kumwuliza.

"Nimetuuza," alisema mzee. "Nimetuuza na nikacheza juu yake."

"Hajaliwa," Magdalena alisema.

"Nini?"

"Mbuzi. Mpaka sasa hivi ni mbuzi tu, anakula majani yetu. Ingieni ndani mle, loshoro inapoa."

*

Jumatano Magdalena aliteremka na ndizi zake soko la Tengeru kama kawaida. Kabla hajatua mzigo, kijana asiyemfahamu alimpokea, akaupanga, akampangusia na kigoda. Mwenye nyanya alikataa fedha yake. Mkusanya ushuru wa soko alimruka kama hamwoni, akaenda kumdai mwenzake wa pembeni. Magdalena akamwita arudi, akampa ushuru wake mkononi, na yule mtu akaupokea kwa aibu kama aliyeshikwa anaiba.

Namnyaki, muuza maziwa waliyekaa naye jirani sokoni kwa miaka mingi, ndiye aliyemfungulia siri.

"Mama Vaileth, mbona hata hutuambii? Tungeshona sare."

"Sare ya nini?"

"Si wanasema Naftali ameshatoa mbuzi wa kwanza. Wewe sasa mama mkwe. Usitusahau na maziwa yetu haya ya maji."

Alikuwa anatania, lakini hakuwa anatania kabisa. Jicho lake lilikuwa linapima. Magdalena alikuwa ameishi miaka yake yote akiheshimiwa kidogo, kwa ajili ya ndizi nzuri na mdomo mfupi, na heshima hiyo ilimtosha. Hii mpya ilikuwa kubwa na ilinuka. Akamjibu Namnyaki kwamba binti yake haolewi na mtu, na mbuzi ni wa kanisa. Namnyaki akacheka, kisha akaacha kucheka, akasogeza kigoda chake karibu zaidi, na hawakulizungumza tena. Wakati wa kuondoka alimjazia chupa ya maziwa na akadai hela yake yote mpaka shilingi ya mwisho. Magdalena alimshukuru kwa hilo njia nzima ya kupanda mlima.

Kesho yake simu ya Mzee Aminiel ililia akiwa kwenye mibuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Naftali."

"Beberu anasemaje?"

"Hajambo. Anakula."

"Bado hamjamchinja tu?"

"Tunamnenepesha kwanza."

Naftali alicheka kwa sauti yake nzito ya kwaya. Akasema yule hana haja ya kunenepeshwa, amenona mwenyewe. Wamchinje Jumamosi. Atakuja na vijana wake wawili, ni wachinjaji wazuri sana, wazee wasichoke. Yeye anataka ini tu. Na Vaileth awepo, maana nyama bila dada wa nyumbani hainogi.

Mzee alitazama mfereji uliokauka kati ya mibuni. Akasema neno la kwanza lililomjia. "Jumamosi haiwezekani. Nina zamu ya mfereji."

Mtu wa mjini angebisha. Lakini Naftali alizaliwa huko, na katika vijiji vile watu huacha hata msiba mdogo kwa ajili ya zamu ya maji. Ikikupita, migomba yako itasubiri mpaka mzunguko mwingine, nawe utasemwa kuwa mvivu. Alikubali kwa sababu baba yake mwenyewe angekubali.

"Basi Jumapili, baada ya ibada. Tutatoka kanisani pamoja."

"Haya, mwanangu," alisema Mzee Aminiel, na neno la mwisho akalijutia siku nzima.

*

Ijumaa alikwenda kwa Mzee Joel. Walikuwa wametahiriwa pamoja, wakaoa mwaka mmoja, wakagombana juu ya mpaka wa shamba na kusahau. Joel alimkaribisha chai. Aminiel alimweleza kwamba Jumapili atamrudisha mbuzi mnadani, na akaeleza kwa nini. Hakuficha kitu.

Joel alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari iliyokuwamo.

"Mnada ni wa Bwana," alisema mwishoni. "Si mahali pa watu kurudishiana mbuzi."

"Kitu cha mnadani hurudi mnadani. Wewe mwenyewe umerudisha majogoo mangapi?"

"Majogoo, ndiyo. Ukimleta, Aminiel, atamnunua tena na atakupa tena. Utapata aibu mara mbili. Na mimi nitakuwa nimesimama katikati."

"Ndipo unaposimama kila Jumapili."

"Yale mabati hukupanda wewe kuyapigilia, mimi nilipanda. Nilijua fedha zimetoka wapi. Nusu ya kijiji ilijua, tukasema ni fitina za mjini." Joel aliweka kijiko chini. "Nina wajukuu, Aminiel."

"Na mimi nina binti."

Chai ilikuwa nzuri, Aminiel akaimaliza kwa adabu, akarudi nyumbani.

Jumamosi maji yalikuja kweli. Baba na binti waliyafungulia mgombani tangu asubuhi, mzee na jembe, Vaileth na miguu peku, wanaziba hapa na kufungua pale kama alipokuwa mdogo. Maji yalikuwa ya baridi ya mlimani, udongo uliyanywa kwa sauti. Mzee alikiri kwake kwamba kutwa nzima ya juzi alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia aachane na kesi.

"Umeyapata?"

"Nimeyapata mengi. Yote mazuri." Alichota tope akaziba upenyo. "Ukishasema, mjini utakaa wapi?"

"Nitahamisha kibanda. Frederick naye anahama, amepata chumba upande mwingine wa mji. Anajifunza kufunga boliti kwa mkono wa kushoto. Juzi alifunga moja nusu saa nzima, ikashika, akacheka."

"Unaogopa?"

"Naogopa, baba."

"Basi tuko wawili," alisema mzee, na kwa namna ambayo hakuitegemea, kifua chake kikawa chepesi. Walinywesha mpaka mgomba wa mwisho. Magdalena aliwaletea ndizi za kuchoma, wakala wamekaa ukingoni, na kwa muda mrefu hakuna aliyemtaja Naftali.

*

Jumapili Mzee Aminiel alimvuta beberu mpaka kanisani, akamfunga pamoja na sadaka nyingine, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo mweupe. Watu walimwona. Wakati wa ibada beberu alilia mara mbili katikati ya mahubiri, na watoto wakacheka.

Mnada ulipoanza, Joel alinadi mayai, akanadi jogoo, akanadi ndizi, akanadi hata kifungu cha majani ya ng'ombe ambacho hakikuandikwa popote. Hatimaye alibaki beberu. Naftali alikuwa ameegemea gari lake na vijana wake, shati jeupe, miwani kichwani. Alikuwa amekwisha kuelewa na hakuonyesha wasiwasi.

"Huyu ameletwa na Mzee Aminiel Sumari," Joel alisema, akitazama chini.

"Nina neno," alisema Aminiel.

Alitoka mbele. Alikuwa amepanga hotuba yenye Biblia ndani yake, ikapotea yote.

"Jumapili iliyopita nilipewa mbuzi huyu, nikacheza. Nilicheza sijui. Binti yangu Vaileth aliona kitu kibaya mjini, na Jumanne atakisema mahakamani. Kinamhusu aliyenipa mbuzi. Sasa mimi siwezi kula hiyo nyama. Namrudisha. Ni hayo tu. Mnisamehe kwa kuwachelewesha."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto alilia akanyamazishwa kwa ziwa. Magdalena na Vaileth walikuwa wamesimama bega kwa bega, na watu waliokuwa karibu nao walikuwa wanafikiri kama wasogee mbali au wabaki. Mwanamke mmoja alisogea. Wengine walibaki, pengine kwa sababu miguu ilikataa.

Naftali alitabasamu, akamgeukia kijana wake kumwambia jambo la kuchekesha, na akiwa bado amewapa watu mgongo akainua kidole kimoja kumwonyesha Joel angoje, bei inakuja. Ndivyo alivyozoea. Mwaka mzima mnada ulikuwa ukimngoja.

"Nani anaanza?" Joel aliuliza.

"Elfu tano," alisema Bibi Tabitha.

Alikuwa mwanamke mzee kuliko wote pale, mwenyekiti wa kina mama tangu wengine hawajazaliwa, na hakuwahi kununua kitu mnadani zaidi ya mayai. Mtu mmoja aliguna. Joel alimtazama bibi, akatazama kidole cha Naftali kilichokuwa bado hewani, na uso wake ukawa kama wa mtu anayeruka mfereji uzeeni.

"Elfu tano moja mbili tatu amechukua Bibi Tabitha," alisema, yote kwa pumzi moja, akapiga kofi.

Naftali aligeuka. "Laki tano."

"Mnada umefungwa. Tuombe."

Mzee Joel akafumba macho, na usharika mzima, kwa mazoea ya tangu utotoni, ukainamisha vichwa. Aliomba kwa sauti kubwa. Aliombea mvua na kahawa. Aliombea wagonjwa kwa majina, wanafunzi wa mitihani, madereva wa barabarani, wajane, watu wa mbali ambao hakuna aliyewafahamu. Kila alipoelekea kwenye amina akakumbuka jambo lingine. Mtu mmoja tu uwanjani alikuwa ametoa macho, amesimama kati ya vichwa vilivyoinama, na hakuna hata kimoja alichoweza kukitazama usoni. Ugomvi unaweza kuuanza na mtu anayekutazama. Na huko hakuna aliyelelewa kumkatiza mtu kwenye maombi, hata Naftali. Alifungua mdomo mara moja akaufunga.

Joel alikuwa anawaombea walimu wa shule ya Jumapili waliposikia mlango wa gari ukipigwa na injini ikiondoka kwa hasira. Aliendelea kidogo zaidi, kwa tahadhari.

"Amina," walisema wote, kwa sauti ambayo mabati hayajawahi kuisikia.

Bibi Tabitha alikuwa tayari ameshika kamba. Waliomwuliza atamfanyia nini aliwajibu kwamba Jumatano anamteremsha Tengeru amuuzie mtu wa mbali asiyewajua, na bei haitakuwa elfu tano. Mzee Joel alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa, na watu walikuwa wanamletea maji. Alimwambia Aminiel kwamba hatalala wiki nzima. Aminiel akamwambia aje alale kwake, vitanda vipo. Wakacheka kama vijana. Na jioni ile, bila mtu kupanga, wanaume watano walikuja na mapanga yao kupogoa mibuni ya Mzee Aminiel iliyo kando ya njia, wakapogoa polepole sana, na siku iliyofuata wakarudi.

*

Jumanne walishuka mjini mapema, wote watatu. Frederick alikuwa nje ya mahakama, mkono umefungwa, akawasalimia kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi kwa kuutumia. Naftali alipita bila kuwatazama.

Vaileth alisema alichokiona. Sauti yake ilianza chini, hakimu akamwomba aipandishe, akaipandisha. Alieleza upenyo wa mbao, jua, kofia, jasho. Alipoulizwa kama mtu huyo yumo humu ndani, alimwonyesha.

Wakili wa Naftali alikuwa mtu nadhifu na hakuwa na haraka. Alimwuliza kama ni kweli Jumapili ya wiki moja kabla mshtakiwa alimpa baba yake zawadi ya mbuzi kanisani. Vaileth akasema ni kweli. Akamwuliza kama ni kweli baba yake alipokea. Ni kweli. Na alicheza?

"Alicheza," alisema Vaileth.

Watu waliokaa nyuma walicheka. Wakili aliwaacha wamalize.

"Kwa hiyo baba yako, mzee wa Kimeru anayejua mila, alipokea mbuzi wa mtu huyu na akacheza. Wewe ndiye unayesema mtu huyu ni mkatili. Hebu tuambie, shahidi, baba yako anasemaje juu ya haya unayoyasema? Yuko wapi leo?"

Kabla Vaileth hajafungua mdomo, benchi la nyuma likalia. Mzee Aminiel alikuwa amesimama, kofia mkononi, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote.

"Niko hapa," alisema.

Askari wa mahakama akamwendea. Hakimu alimtazama juu ya miwani.

"Mzee, hukuitwa. Hapa haongei asiyeitwa. Kaa chini."

"Nakaa, mheshimiwa," alisema Mzee Aminiel. "Ameuliza niko wapi."

Akakaa, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha nyumbani kwake. Magdalena alimsogezea nafasi.

"Shahidi," hakimu alisema, "endelea."

Vaileth akaendelea.